Mashine ya Lori na Mashine ya Maua

Wadogo zangu wa huduma ya kompyuta, siku mliyoniaga mliniomba niwaandikie machache kuhusu miaka yangu ya kazi, na mmoja wenu akaongeza, "Mama Masika, utuandikie vitu bya muzuri." Sasa ni majuma matatu nimekaa nyumbani hapa Butembo. Nimepalilia maharage mpaka hakuna cha kupalilia, nimepanga upya kabati ambalo halikuwa na kosa lolote, na hasira bado iko palepale. Basi vizuri nitaviandika, kwa kuwa vilikuwepo, ila nitaandika pia lile lililonifanya niondoke kabla muziki wenu haujaanza. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo havikuwa vingi, na mishahara mnaijua.

Siku yangu ya kwanza nilifika kwenye geti la shirika letu la wakulima wa kahawa na kakao nikiwa na bisibisi nne, brashi ya kupaka rangi na kitambaa safi, vyote ndani ya kikapu cha sokoni. Mlinzi alinitazama, akatazama barabara nyuma yangu.

"Mama, fundi eko nyuma?"

"Fundi ni mimi."

"Aa, mama, usituchekeleye. Uambiye bwana yako aingiye, banamungoya."

Nilimwambia bwana yangu yuko Lubero anauza viazi, na kama wanataka viazi nitamwita. Akanifungulia. Ndani niliulizwa swali lilelile mara mbili zaidi, mara ya mwisho na mtu aliyekuwa amesoma barua yangu na anajua jina langu. Kwetu Wanande, Masika ni jina la mwanamke tangu dunia iumbwe, lakini yeye alidhani kuna makosa ya karani.

Aliyenipokea vizuri ni Papa Kasereka. Alianzia kwenye kutengeneza redio, akaenda kwenye mashine za kuandikia, na kompyuta zilipofika alizikaribisha kama wageni waliochelewa. Ndiye aliyenifundisha kwamba mashine isiyowaka, kabla ya kuilaani, itoe kipande cha kumbukumbu, uyasugue meno yake ya shaba kwa kifutio cha mwanafunzi, ukirudishe. Nusu ya sifa zangu zote zimetoka kwenye kile kifutio. Alinifundisha pia kwamba ukishawasha jenereta usichomeke kitu mpaka sauti yake itulie, na kwamba panya wa bohari la kahawa hupenda kuzalia ndani ya kompyuta kwa sababu kuna joto. Niliwahi kufungua moja nikakuta familia nzima, mama na watoto sita, na waya wote umegeuzwa kitanda. Papa Kasereka aliwahamisha kwa adabu ndani ya boksi. Nilipolalamika kwamba wateja hawaniamini, hakunibembeleza.

"Masika," alisema, "machine haina bwana wala bibi. Iko na vumbi tu. We toa vumbi."

Nilitoa vumbi miaka mingi. Lakini kuna jambo Papa Kasereka hakunifundisha, kwa sababu wakati wake halikuwepo, nalo ni picha.

Niwaeleze jinsi lilivyoanza, maana ninyi mmelikuta tayari. Kwetu majina hufuata mpangilio wa kuzaliwa: ukisikia jina la mtu unajua ni mume au mke, na ni wa ngapi kwa mama yake. Nyumbani ni utaratibu mzuri sana. Ofisini ni balaa. Tulikuwa na akina Kambale watatu, akina Kavira wawili, na akina Kasereka watatu, pamoja na Papa Kasereka. Nilikuwa nabandika jina kwenye kila mashine kwa sparadrap, ile tepu nyeupe ya hospitali, na kila Jumatatu Kambale huyu amekwenda na mashine ya Kambale yule. Nikaacha majina. Nikaanza kuzitambua mashine kwa picha inayotokea ukiziwasha, ile tunayoiita fond d'écran. "Lete ile ya twiga," nilikuwa nasema. "Ile ya Bikira Maria imekuja?" Nilikuwa sikosei, na kutokosea huko ndiko kulikoniharibu.

Mwanzoni watu wote walikuwa na picha moja, ile iliyokuja na mashine, kilima cha kijani na mbingu ya bluu. Wazee wawili wa kamati ya wakulima waliwahi kubishana mbele yake saa nzima ni malisho ya nani, mmoja akisema ni upande wa Kanyabayonga na mwingine akitaja shamba la shemeji yake. Hakuna aliyeona haya kwa kilima kile. Haya ilianza tulipopata mashine mpya na Mratibu wetu, Coordo kama tulivyokuwa tunamwita, alipokuja kusimama nyuma ya kiti changu.

"Mama Masika, bamama ubawekeye maua, ao batoto. Bapapa ubawekeye ma montagne, ma voiture, ma simba. Bureau ikuwe na ordre."

Yaani wanaume milima, magari na simba, ili ofisi iwe na utaratibu. Ningeweza kumuuliza utaratibu gani. Ningeweza kumwambia kwamba mimi mwenyewe mama nina skrini ya rangi ya kijivu, bila picha, kwa sababu picha inailemea mashine dhaifu. Badala yake nilitii. Nilitengeneza mafolda mawili, moja nikaliita Dames, la wanawake, jingine Messieurs, la wanaume, nikayajaza vizuri kwa mikono yangu, nikayabeba kwenye kifaa kidogo cha kuhifadhia faili, shingoni kama msalaba. Kila mashine mpya iliyotoka kwangu, Butembo au Beni, ilitoka ikiwa imeshaambiwa ni ya mwanamke au ya mwanamume. Jambo lile lilinichukua dakika mbili kwa kila mashine, nami nilijivunia haraka yangu.

Mtu akishawekewa kipimo, ataanza kujificha. Mhifadhi wetu wa bohari, mwanamume wa miraba minne anayebeba gunia la kahawa kwa bega moja, alikuwa na picha ya mjukuu wake wa kike amevaa gauni la komunyo. Aliipenda picha ile mpaka alikuwa anaipangusa kwa mkono wa shati. Lakini wageni wakitangazwa alikuwa anakuja kwangu mbio, anaongea kwa kunong'ona, "Mama, uniwekeye simba." Namwekea simba. Wageni wakiondoka, na simba anaondoka. Mimi nilikuwa nacheka. Kuhusu skrini yangu ya kijivu, Kavira wa mapokezi aliniuliza siku moja kama nina matanga. Nilimjibu hapana, machine iko na mémoire kidogo tu. Akasema, "Ata kama, Mama, weka hata rose moja, utafanana na mutu." Tulicheka wote wawili, na hapo ndipo kosa langu linapoanzia, wadogo zangu: nilikuwa nacheka kitu kilichopaswa kunikasirisha.

Sasa nije Beni. Tawi letu la Beni lilikuwa na watu sita, na wawili kati yao ndio wa habari hii. Wa kwanza ni Katungu, mtaalamu wa kilimo, binti wa nyumba ya Kiprotestanti ya Mavivi, mwembamba, msema machache, mwenye buti za mpira ambazo sikuwahi kuziona zikiwa safi. Yeye ndiye aliyekuwa anazunguka mashamba ya kakao mpaka Mbau na mbele yake, akichora ramani ya kila shamba, akiandika ni miti gani imeingiwa na ugonjwa wa kuozesha matunda, akirekodi maneno ya wakulima kwa simu ili asipoteze hata moja. Wa pili ni Kambale, naye mtaalamu wa kilimo, mtu wa watu, msemaji mzuri wa mikutano, asiyependa matope. Sina chuki naye kwa kutopenda matope. Na ramani zile, mjue, hazikuwa karatasi za kupamba ukuta. Wafadhili walikuwa wamesema kwamba aliyezitengeneza ndiye atakayepewa kuongoza tawi la Beni. Kila mtu Beni alijua ni nani. Butembo hatukujua, kwa sababu muda mrefu barabara haikuturuhusu kwenda, na mashine zao nilikuwa sijaziona tangu nilipozitoa kwangu.

Kisha juma moja upande wa Mbau ulichafuka kwa mapigano, kama unavyochafuka, na amri ikatoka kwamba kompyuta zote za Beni ziletwe Butembo haraka. Zilifika sita ndani ya magunia ya kakao, chini ya turubai, baada ya mvua ya njia nzima. Katungu alikuwa amebaki Mavivi na mama yake mgonjwa. Kambale alikuja na gari. Watu wa Beni walikuwa wamebandika majina kwa sparadrap, wakifuata desturi yangu ya zamani, na unyevu ulikuwa umeyabandua yote. Niliyakuta majina chini ya gunia yamejikunja pamoja.

Coordo alitaka orodha kesho yake asubuhi: mashine ipi, ya nani, ina kazi gani ndani. Nikaziwasha moja moja. Moja ilikuwa na Bikira Maria: hiyo ya katibu, Mkatoliki wa kila asubuhi. Nyingine ilikuwa na mstari wa Zaburi: ya mtoto wa mchungaji. Nyingine ilikuwa na mchezaji mpira: ya dereva-mhifadhi, na kweli ndani kulikuwa na safari zake zote. Ya nne ilikuwa na picha ya harusi, na bibi harusi nilimfahamu. Nne kwa nne nilipatia. Zikabaki mbili, na watu wawili.

Moja ilikuwa na picha ya lori jekundu, mbele yake imejaa matope mpaka kwenye taa, linapanda mlima limeinama upande mmoja, na watu wamekaa juu ya mizigo. Ndani yake kulikuwa na ramani zote za mashamba, zimepangwa kwa kijiji na kwa msimu, kazi safi ambayo sijawahi kuona mfano wake katika ofisi yetu. Nyingine ilikuwa na mawaridi, mengi, mekundu na ya njano, yenye umande. Ndani yake kulikuwa na ripoti zilizoanzwa na kuachwa, na filamu nyingi.

Nikaandika: lori, Kambale. Maua, Katungu.

Nikafanya na zaidi ya hapo, na hili nalisema kwa aibu. Nilipoona zile filamu nilisema moyoni, huyu binti anachezea kazi, na pale palipohitaji maelezo nikaandika, "kazi kidogo". Nikatia saini. Mimi, niliyeulizwa fundi yuko wapi mara tatu siku moja, nilitia saini.

Siku iliyofuata Coordo aliisoma orodha mbele ya mkutano. Nilikuwepo, nimesimama karibu na mlango. Aliposoma kwamba mashine ya lori ndiyo yenye ramani na ni ya Kambale, chumba kizima kilipiga makofi. Kambale alikuwa amefungua mdomo. Mimi nilidhani anataka kushukuru. Kisha Coordo akasoma, "Ya maua, Katungu, kazi kidogo," na watu wakacheka, mmoja akasema kwa sauti, "Bamama na ma fleurs yabo!" Kambale akafunga mdomo, akatazama meza. Juma lile lile barua mbili zilitoka: ya kwanza ikimfanya Kambale kiongozi wa tawi la Beni, ya pili ikisema mkataba wa Katungu hautaendelea, sababu "kazi kidogo".

Siku kumi baadaye Katungu alishuka kwenye pikipiki getini, vumbi mpaka kwenye kope. Barua ilikuwa haijamfikia. Alikuja moja kwa moja kwenye chumba changu, akanisalimu kwa Kinande.

"Wavukire, Mama. Nilikuya kutwala machine yangu."

"Karibu, mwanangu. Mama anaendelea?"

"Anapata nafuu. Ni ile ya camion, Mama."

"Ya camion ni ya Kambale. Yako ni hii ya maua."

Alicheka. Alicheka kweli, meno yote nje. "Kambale gani? Yule hata pikipiki anaogopa. Maua ni yake, Mama, analima ma roses nyuma ya nyumba, Beni muzima bibi-harusi banaenda kumuomba." Kisha akanitazama usoni, na kicheko kikaisha kidogo kidogo. Ilibidi nimwambie yote, moja baada ya jingine, na barua nikamwonyesha nakala yake. Aliisoma akiwa amesimama. Alipofika kwenye "kazi kidogo" aliuliza ni nani ameandika. Nikasema ni mimi.

Hakupiga kelele. Aliketi, akafungua mashine ya lori, akaniwekea mojawapo ya sauti alizorekodi. Sauti ya mzee ikasema kwa Kiswahili chetu, polepole, "Katungu, mwana wetu, angaliya hii kakao, inaozeya huku chini." Na sauti ya Katungu ikamjibu mzee kwa heshima, "Tata, ulianza kuiona wakati gani?" Zilikuwepo nyingi za namna hiyo. Nilikuwa nimeziona faili zote zile nilipoandika orodha, na sikufungua hata moja. Nilikuwa na haraka, na picha ilikuwa imeshanijibu.

Nilimtafuta Kambale kwanza. Nilimkuta nyuma ya bohari, bado hajarudi Beni, nikamuuliza bila salamu kwa nini hakusema.

"Mama, Coordo alisoma mbele ya batu bote. Kama camion ni ya Katungu, maua inabakia ya nani? Mule mulikuwa banaume na chauffeurs. Bangeniita nani mupaka nakufa?"

"Kwa hiyo umeiba kazi ya mwenzako ili usiitwe jina?"

"Sikuiba, Mama. Nilinyamaza tu."

Hasira iliyonipanda pale sijawahi kuwa nayo, hata kwa panya. Mnielewe vizuri: sikumkasirikia kwa sababu ya mawaridi. Mawaridi yale yalikuwa mazuri, na nilipojua kwamba ni ya mikono yake mwenyewe nilitaka kumsifu. Mtu mzima, mwenye mke na watoto, mwenye kipaji cha kuotesha waridi katika vumbi la Beni, aliona heri aitwe mwizi rohoni mwake kuliko aitwe mpenda maua na madereva. Na aliyemfundisha kuona haya hiyo ni ofisi yetu, pamoja na yule mama wa mafolda mawili.

Kwa Coordo nilikwenda na orodha mpya, iliyosahihishwa, na juu nimeandika kwamba kosa ni langu. Aliisoma, akaigeuza kifudifudi mezani.

"Mama, décision ilishatoka. Bafadhili balishapata jina. Tena liste ni yako, signature ni yako, hapana yangu."

"Ndiyo maana naisahihisha."

"Na yeye pia! Mutoto mwanamuke, camion ni ya nini? Kama angeweka maua sawa benzake, hii yote haingefika."

Nimesikia mengi katika miaka ile. Nimeambiwa nimlete fundi, nimeambiwa nishike tochi wakati mwanafunzi wangu wa kiume anafungua mashine niliyomfundisha kufungua. Lakini hilo lilipita yote. Binti amenyang'anywa kazi yake, na kosa ni lake, kwa sababu alipenda lori! Nilimwambia Coordo kwamba Jumatatu katika mkutano nitaomba nafasi, na asiponipa nitaichukua.

Jumatatu nilibeba mashine ya lori na spika zile kubwa za sikukuu. Katungu alikuwepo, ameketi nyuma. Sikuhutubia. Niliwasha, nikaacha wakulima wa Mbau waongee. Walimwita jina lake mara tano, mara sita, "Katungu", "mwana wetu Katungu", wakimwonyesha tunda hili na tunda lile, wakimlalamikia, wakimtania kwamba buti zake zinafanya kelele. Nikauliza, mashine hii ni ya nani?

Coordo alimgeukia Katungu, si Kambale.

"Mais Katungu, hii camion ni ya nini? Ni ya baba yako?"

"Hapana."

"Ya bwana?"

"Sina bwana."

"Alors?"

"Ninaipenda."

"Unaipenda juu ya nini?"

"Ninaipenda tu, Coordo."

Walingoja. Naapa walikuwa wanangoja aseme baba yake alikufa ndani ya lori lile, ama kaka yake alikuwa dereva wake, ili wapate kumhurumia na mambo yaishe. Hakuwapa. Katika miaka yangu yote niliweka magari hamsini kwenye skrini za wanaume, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuulizwa kama gari ni la baba yake.

Ndipo Coordo akamgeukia Kambale. Kambale alisimama, akajikohoza, akasema, "Tulifanya pamoja, Coordo." Hilo nalo lilikuwa uongo, tena uongo mbaya kuliko kunyamaza, maana ulikuwa na sura ya ukarimu. Coordo alilishika neno lile kwa mikono miwili. "Voilà! Travail d'équipe! Kazi ya pamoja!" Akaamua palepale: Kambale abaki kiongozi wa Beni, Katungu arudishwe kazini awe msaidizi wake, na Mama Masika apunguze moto. Watu wakapiga makofi tena, kwa sababu walikuwa na njaa.

Katungu alisimama. "Wasingya, Coordo," alisema kwa adabu, asante. "Lakini mimi siwezi kusaidia mutu ku kazi yangu mwenyewe." Akatoka.

Hivyo ndivyo ilivyokwisha, na haikurekebishwa. Kambale yuko Beni, ana ofisi, na nasikia kwenye skrini yake sasa kuna mlima wenye theluji. Katungu anatembea mashamba yaleyale kwa niaba ya wakulima wenyewe, waliomwita baada ya kusikia. Analipwa wanavyoweza, na ramani anazichora upya kwa mkono kwa kuwa zile za kwanza ni mali ya shirika. Mafolda yangu mawili niliyafuta siku ileile. Jioni hiyo niliandika barua ya kuomba kupumzika, miezi mitano kabla ya wakati wangu, na ninyi mkanunua keki. Samahani kwa keki. Haikuwa na kosa.

Lakini nimeandika yote haya kwa ajili ya jambo moja ambalo sikuwaambia. Katungu alipotoka mkutanoni nilimfuata mpaka getini. Dereva wa pikipiki alikuwa anamngoja. Nilimwomba msamaha, nikiwa na machozi, mimi mtu mzima, na nikaanza kumweleza jinsi mvua ilivyobandua majina, jinsi Coordo alivyotaka orodha kesho yake, jinsi kazi ilivyokuwa nyingi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, si kwa ukali, kama mtaalamu anavyouliza mkulima mti ulianza lini kuugua.

"Mama, numéro yangu ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

"Siku ile réseau ya simu ilikuwa?"

"Ilikuwa."

"Na crédit?"

"Ilikuwa."

"Sasa juu ya nini hukuniita uniulize?"

Nilikuwa na mengi ya kusingizia, na yote nilikuwa nimeshayasema. Nikamwambia lile moja lililobaki.

"Mwanangu, sikuwa na mashaka hata kidogo."